Bati Lililobonyea Upande wa Dereva

Korogwe, Jumanne, Novemba. Mawingu tangu asubuhi. Mvua ya vuli imetishia siku nzima bila kunyesha, na joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Naandika baada ya magharibi. Kwa kawaida ukurasa huu huwa ni wa kazi ya mezani ya kutengeneza treni ndogo: waya gani unafaa kwa vishikio, rangi ipi haipasuki ikikauka. Wasomaji wachache mnaonifuata mnataka hayo, na leo nilikuwa nimekusudia kuwaonesha kichwa cha treni nilichokimaliza. Sitawaonesha. Nitaeleza kwa nini, kisha atakayetaka kuondoka aondoke.

Kaka yangu Mgaza yuko chumba cha pili. Amekuja jana kutoka Handeni. Kesho asubuhi anatakiwa apande basi la Moshi, kwa kuwa keshokutwa anafanyiwa upasuaji wa jicho. Ana presha ya macho. La kushoto lilizima zamani. La kulia linaona, lakini kwa wembamba, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alisema upasuaji unaweza kulinda kilichobaki, na hakuahidi. Alisema pia kwamba bila upasuaji giza ni la hakika.

Kaka alikuwa dereva wa treni katika reli hii yetu ya Tanga. Aliendesha vichwa vya dizeli mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na tangu nistaafu nimekuwa mtengenezaji wa treni ndogo. Majirani huziita midoli. Nimewasahihisha mara nyingi, sasa nimechoka.

Chumba walichokuwa wakilala watoto wetu nimekijaza meza. Juu ya meza kuna stesheni ya Korogwe, kuna daraja la Hale juu ya Mto Pangani, na kati yake kuna mashamba ya mkonge niliyoyatengeneza kwa nyuzi za fagio la plastiki. Reli inazunguka yote hayo. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni kichwa cha treni kinachofanana na vile alivyoendesha kaka.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, anayeishi Ulaya, aliniletea kichwa kidogo cha dizeli cha plastiki, kilichotumika. Kilikuwa cha nchi za huko: kirefu kupita kiasi, chumba cha dereva kimekaa pasipo pake, na rangi nyekundu isiyohusiana nasi. Nilikikata. Nilifupisha pua, nikashusha paa, nikakwangua vishikio vilivyochongwa pamoja na bodi na kuweka vingine vya waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Vichujio vya hewa vya ubavuni ni wavu wa chujio la chai. Ngao ya mbele, ile inayofagia reli, nimeikata katika bati la kopo la maziwa. Taa ni ya tochi. Moshi wa juu ya paa ni masizi ya koroboi, na vumbi la magurudumuni ni udongo mwekundu halisi wa Handeni, ambao nilimwomba kaka mwenyewe aniletee kwenye mfuko bila kumweleza wa nini.

Aliuleta. Alidhani nataka kupanda maua.

Kielelezo changu kilikuwa picha moja. Ipo ukutani sebuleni: kaka akiwa kijana, amevaa ovaroli, amesimama mbele ya kichwa cha treni, bega lake limeegemea kona ya upande wa dereva. Nimeitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuza mpaka naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Nilihesabu kila msumari. Na pale kwenye kona, chini kidogo ya bega lake, niliona bati limebonyea. Kibonyeo si kikubwa, lakini kipo.

Mtu asiyejua kazi hii hawezi kuelewa furaha niliyoipata. Kila mtu anaweza kutengeneza kichwa kipya kinachong'aa. Kovu ndilo linalosema kuwa chuma hiki kilifanya kazi, kwamba ni hiki na si kingine. Nilijiambia kuwa kiligonga behewa wakati wa kupanga mabehewa uwanjani, kama vinavyogonga vyote. Nilipasha moto ncha ya bisibisi, nikaigusisha kwenye plastiki ya kona ile, nikaisukuma taratibu kwenda ndani mpaka ikakaa kama bati la pichani. Kisha nikapaka kutu kidogo pembezoni mwake.

Niliridhika na kibonyeo kile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya kwa mikono yangu.

Haraka yangu ilikuwa hii, naisema wazi: nilitaka kaka akione kabla hajaenda hospitali. Kama upasuaji utashindikana, nilitaka kitu cha mwisho atakachokiona vizuri kiwe kile. Niliona ni zawadi. Sikumwuliza mtu.

Jana alifika amechoka, tukamwacha alale. Leo asubuhi alikuwa mchangamfu. Mke wangu, Mama Zaina, ni Msambaa wa Kwashemshi, sisi ni Wazigua, na katika utani hajawahi kumwonea huruma shemeji yake huyu.

"Shikamoo shemeji. Umeamka, au ni kanzu tu imesimama?"

"Marahaba. Nimeamka. Nasikia harufu ya chai, lakini sioni kikombe."

"Kikombe kiko mbele yako. Usisingizie jicho, Wazigua mlikuwa hamwoni vyombo tangu mkiwa wazima. Mnaona sahani tu."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ugonjwa huu uanze. Nikaona siku imenyooka.

Baada ya chai nilimshika mkono nikampeleka kwenye meza. Nilikuwa nimefungua dirisha lote na kuwasha taa. Nilimweka kaka kwenye kiti, nikakiweka kichwa cha treni katika viganja vyake, nikangoja kama mtahiniwa.

Alikisogeza karibu na jicho la kulia. Akaanza kukipitia polepole, kipande kwa kipande, kwa kuwa jicho lake halioni kitu kizima kwa pamoja. Alitaja alichokiona. Ngazi. Kishikio. Honi. Alisema, "Hapa ndipo nilipokuwa natundika mfuko wa chakula." Alisema, "Umeweka mpaka chujio." Sauti yake ilikuwa imepanda. Kidole gumba kilikuwa kinatangulia na jicho linafuata nyuma.

Kidole kikafika kwenye kona.

Kilisimama hapo. Kikarudi, kikapita tena. Aliinamisha kichwa, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama sehemu nyingine yoyote. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anastaajabia ufundi. Nikamwambia nilivyokipata: kioo cha kukuza, bisibisi ya moto, kutu. Nikamwambia kwa majivuno kwamba hakuna mtu angekumbuka kibonyeo kile isipokuwa mimi.

Alikiweka kichwa cha treni mezani. Hakukitupa. Alikiweka kando ya reli, akanyanyuka, akatoka akipapasa ukuta, akaenda kuketi kibarazani.

Nilimfuata. Nilimwuliza kama jicho linauma. Akasema haliumi. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Kesho siendi Moshi. Nipeleke stendi nirudi Handeni."

Hakusema zaidi mpaka adhuhuri ilipopita.

Nimekaa darasani maisha yangu yote, najua kimya cha mtoto mkaidi na kimya cha mtoto aliyeumia. Hiki kilikuwa cha pili, na sikuwa na somo la kukikabili. Nilizunguka uani. Niliingia ndani nikatazama picha ukutani. Nikaiona upya, na nikaona kitu ambacho kioo cha kukuza hakikunionesha: kaka hakuegemea kona ile kwa kujivuna. Alikuwa amejibana pale ili bega lake liifunike. Bega halikutosha.

Nilirudi kibarazani nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Kaka, mimi nilidhani kiligonga behewa."

Alinijibu kwa Kizigua. Sisi wawili tulikuwa hatujazungumza Kizigua tangu mama yetu afariki. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyageuza mwenyewe, na uzito wake haukukubali kugeuka wote.

Alisema alikuwa anatoka Tanga na mzigo, amepita Hale. Mbele kulikuwa na kivuko, mahali watu wa mashamba ya mkonge hukatiza reli kwa miguu. Mama mmoja alikuwa anavuka na tenga la ndizi kichwani. Kaka alipiga honi. Yule mama hakusikia, au alisikia akadhani ana muda. Kaka alifunga breki. "Treni yenye mzigo haisimami kama baiskeli," alisema. "Unafunga breki, halafu unakaa unatazama." Mwishoni yule mama aligeuka akamtazama. Alimtazama yeye, si treni.

Basi.

Walichunguza, wakaandika kwamba dereva hakuwa na kosa. Hilo nililikumbuka kwa mbali, kwamba kaka aliwahi kuitwa na wakubwa wake na kurudi salama. Nyumbani alituambia ni ajali ya uwanjani na hakuna aliyeuliza tena. Karakana walitaka kulinyoosha bati. Akawaomba waliache. Walimwona mtu wa ajabu, lakini hawakuwa na nafasi ya kubishana. Akaendelea kukiendesha kichwa kile kile miaka yote, na kila alipopanda ngazi alipitia kwenye kona ile.

Kisha akasema jambo lililonitoa jasho.

"Hili la kulia ndilo lililomwona. Nikifumba linaendelea kumwona. Daktari anahangaika kulilinda, lakini hajaniuliza kama nalitaka. Labda likizima, na huyo mama atapumzika."

Nilimjibu kama mwalimu. Nilisema kuzima kwa jicho hakufuti kilichoonekana. Nikaongeza habari ya subira, na ya kutojitupa katika maangamizi.

"Athumani," alisema, "usinisomeshe."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetumia miezi kukisoma chuma, na mtu aliyekaa ndani yake sikumsoma hata kwa siku moja. Sijui kama hilo ni kosa la wote tunaofanya kazi hii au ni langu peke yangu. Tunatafuta kovu la bati, tukilipata tunashangilia, na hatuulizi lilimgharimu nani.

Mama Zaina alikuwa nyuma yetu mlangoni na sahani. Sijui alisikia kiasi gani. Kizigua anakielewa, ingawa hujifanya hakielewi.

"Shemeji," alisema, "hayo ya kutoona utayaamua ukishakula. Usije ukaenda gizani ukasema Msambaa alikulisha ugali mkavu. Hii hapa mboga, hiki hapa kisamvu, na huyu hapa samaki, mwangalie kabisa uwe shahidi."

Kaka alitazama samaki. Alimtazama hasa, akalisogeza jicho karibu. "Mdogo," alisema.

"Mdogo? Basi jicho hilo halina ugonjwa wowote."

Alikula. Si sana, lakini alikula.

Wakati wakiwa wanakula niliingia chumbani kwangu nikachukua unga wa kuzibia na msasa laini. Nilikusudia kukiziba kibonyeo, nipake rangi juu, kiwe kama hakikuwahi kuwapo. Nilikwisha kanda unga. Nilikuwa nimekishika kichwa cha treni chini ya taa nilipomsikia kaka mlangoni, anapapasa fremu.

"Unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli.

"Acha. Hilo ni la yule mama. Si lako na si langu."

Nikaweka chini unga.

Aliketi kwenye kiti kile kile cha asubuhi. Akaniuliza kivuko kiko wapi. Kwenye meza yangu kipo, kwa kuwa nilivifuata vivuko vyote kwa ramani. Ni vipande viwili vya ubao kati ya reli na njia nyembamba ya mchanga inayopita kwenye mkonge. Nilikishika kidole chake nikakiweka hapo. Akapapasa ubao, akapapasa mchanga. Akaniuliza daraja liko umbali gani. Nikampeleka mpaka darajani, kidole kikitembea juu ya reli.

"Niwekee relini," alisema. "Nionyeshe pa kuongezea mwendo."

Nilikiweka kichwa cha treni relini, nikakifungia mabehewa ya mizigo, nikampa kisanduku cha kuendeshea. Kuna kitufe cha duara kimoja tu. Ukikizungusha kulia kinakwenda, ukikirudisha kinapunguza. Aliinama mpaka kidevu kikakaribia meza ili jicho lake liwe usawa wa reli. Akakizungusha.

Nimeziendesha treni hizi kila siku, lakini sijawahi kuona moja ikiondoka namna ile. Haikuruka. Ilijivuta kama kitu kizito kweli, behewa moja baada ya jingine likijibana, mpaka yote yakawa safarini.

Honi ya treni yangu ni pambo, haina sauti. Kaka alipiga honi kwa mdomo.

Alianza mapema mno, tangu darajani. Sauti ndefu, ya kifuani, ya mzee. Ilijaza chumba. Mama Zaina alikuja mbio akifuta mikono akasimama pale mlangoni. Kaka hakumwona. Aliendelea kupiga honi, akavuta pumzi, akapiga tena, na vidole vyake vilikuwa vinakirudisha kitufe kidogo kidogo. Treni ikapunguza. Ikaingia kwenye mkonge ikiwa inatambaa. Ikasimama kabla ya kivuko, pana nafasi ya kutosha mtu kupita na tenga lake bila hata kuharakisha.

Aliondoa vidole kwenye kitufe.

"Hiki kinasimama," alisema.

"Kinasimama, kaka."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikageukia dirishani nikajifanya natazama mawingu. Aliirudisha treni nyuma mpaka darajani, akafanya tena. Akafanya tena. Kila mara ilisimama mahali pale pale. Sikuhesabu, wala sikumwambia apumzike. Alfajiri hiyo nilikuwa ningali nafikiri nimemtengenezea kitu cha kutazama. Niliyekuwa nimemtengenezea sikumjua, na alikitumia kwa kazi ambayo mimi nisingeweza kuibuni.

Hakuna kilichorekebishwa. Nisijidanganye. Yule mama hakuvuka. Kitu cha plastiki na waya wa shaba hakifufui mtu, na mzee mwenye akili zake hachanganyi meza na dunia. Kaka hakuchanganya. Alipomaliza alizima kisanduku mwenyewe, akakinyanyua kichwa cha treni, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu, akanirudishia.

"Kazi nzuri," alisema. "Honi yake ilikuwa nene zaidi ya hiyo yangu."

Tulisali magharibi pamoja. Sikumwuliza kuhusu kesho, ingawa ulimi ulikuwa unanichoma. Mama Zaina naye hakumwuliza, jambo ambalo kwake ni kama kufunga bila kula daku. Baada ya sala alimsikia kaka akiita kutoka chumbani: "Shemeji, una mkaa wa kuweka kwenye pasi?" Akampelekea pasi. Alitaka kumnyooshea, kaka akakataa, akasema dereva hunyoosha shati lake mwenyewe. Alilinyoosha kwa kupapasa, mkono wa kushoto ukitangulia na pasi ikifuata. Sasa shati limetundikwa kwenye msumari wa mlango wake. Mkono mmoja una kunyanzi. Shati la kwenda Moshi na la kurudi Handeni ni lile lile, kwa hiyo halinijibu.

Jambo moja ni langu kulikiri. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kumpandisha basi, binti yake ampokee Moshi, nami nirudi mezani kwangu nikapige picha za kuwaonesha nyinyi. Niliona wajibu wangu unaishia stendi. Nimemwambia Mama Zaina anitolee begi. Alikuwa ameshalitoa.

Wasomaji wangu, picha hamtaziona. Atakayeniuliza nilivyolibonyeza bati nitamjibu kuwa sifundishi hilo. Vishikio, rangi, vichujio, niulizeni mpendavyo.

Alfajiri nitampelekea kaka maji ya kutawadha. Sitamsomesha. Nitavaa viatu vyangu, niketi kibarazani na begi langu, nimngoje atoke. Akisema Handeni, nitakwenda naye Handeni na kukaa naye mpaka aseme Moshi.